Makauboi Uwanjani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Maonyesho ya Wild West

Kauboi wa filamu, mwenye kofia pana na bastola kiunoni, anayetokea dakika ya mwisho kuwaokoa wanyonge, ana asili yake uwanjani, mbele ya watu waliokata tiketi. Alipikwa huko kati ya mwaka 1883 na Vita ya Kwanza ya Dunia. Haya ndiyo maswali ambayo watu huuliza zaidi kuhusu maonyesho hayo.

Maonyesho ya Wild West yalikuwa nini hasa?

Yalikuwa maonyesho makubwa ya uwanja wa wazi, yaliyozunguka mji hadi mji yakionyesha maisha ya magharibi mwa Marekani: mbio za farasi, ulengaji shabaha, utupaji wa kamba za vitanzi na mapigano ya kuigiza. Mwasisi wake ni William Frederick Cody, maarufu kama Buffalo Bill. Tarehe 4 Julai 1882 aliandaa sherehe za Sikukuu ya Uhuru katika mji wa North Platte, Nebraska, akawaita wachunga ng'ombe wa eneo hilo washindane kwa zawadi. Watu walifurika kuliko alivyotarajia. Mei 1883 akazindua kampuni mjini Omaha akishirikiana na mlenga shabaha Doc Carver.

Ushirika huo haukumaliza hata mwaka. Mwaka 1884 akaingia Nate Salsbury, mtu wa michezo ya jukwaani aliyejua hesabu na mipango, na hapo ndipo kazi ilipokaa sawa. Cody na Salsbury walikwepa kabisa kuiita kazi yao burudani. Matangazo yao yalisema utakachokiona ni historia yenyewe, ikionyeshwa na watu walioiishi. Dai hilo liliwatajirisha, na ndilo la kuchunguzwa kwa makini kuliko jingine lolote.

Buffalo Bill mwenyewe alikuwa kauboi?

Si kwa maana ya mtu aliyekula jasho lake nyuma ya ng'ombe. Alizaliwa Iowa mwaka 1846, akawa skauti wa jeshi, na kabla ya hapo aliwinda baisani, yule nyati wa Marekani mwenye manyoya mazito, ili kuwalisha wajenzi wa reli ya Kansas Pacific. Kwa hesabu yake mwenyewe aliua 4,280. Tangu mwaka 1872 alikuwa pia mwigizaji wa majukwaani, akijiigiza yeye mwenyewe. Ranchi aliipata baadaye, akiwa na fedha za maonyesho.

Kisa kimoja kinamweleza vizuri. Tarehe 17 Julai 1876, wiki chache baada ya Jenerali Custer wa jeshi la Marekani kuuawa vitani na wenyeji wa Marekani, Cody alikuwa na jeshi kwenye kijito cha Warbonnet, Nebraska. Asubuhi hiyo alivaa suti ya mahameli ya jukwaani, akapambana na mpiganaji wa Wacheyenne, kabila la wenyeji wa Marekani, aliyeitwa Yellow Hair, akamuua na kumchuna ngozi ya kichwa. Miezi michache baadaye alikuwa akiigiza tukio hilo hilo mbele ya watazamaji. Mtu anayekwenda vitani amevaa nguo za jukwaani hatuna budi kumsikiliza kwa tahadhari akituambia kwamba anaonyesha historia tupu.

Je, makauboi wa uwanjani walikuwa wa kweli au waigizaji?

Walikuwa wa kweli, hasa miaka ya mwanzo. Cody aliwachukua kutoka ranchi za Nebraska na Texas, watu waliokuwa wakilipwa dola 30 hadi 40 kwa mwezi kwa kazi ya vumbi, mvua na usingizi wa kukatizwa. Kazi hiyo ilikuwa inakauka. Seng'enge ilikuwa imeanza kuyafunga malisho, reli zilikuwa zimefupisha safari za kuswaga ng'ombe, na baridi kali ya 1886 hadi 1887 iliua mifugo kwa maelfu mengi na kuzifilisi ranchi kadhaa. Kwa kijana aliyejua kupanda farasi na asijue kingine, uwanja ulikuwa ajira.

Ila sifa ya kauboi wakati huo ilikuwa mbaya. Mwaka 1881 Rais Chester Arthur, katika ujumbe wake kwa Bunge, alitumia neno hilo kuwataja majambazi wenye silaha waliokuwa wakisumbua Arizona. Mama mwenye heshima zake asingempeleka mtoto akawatazame watu wa aina hiyo. Kampuni ikamchukua Buck Taylor, Mteksasi mrefu kupita kiasi, ikamtangaza kuwa Mfalme wa Makauboi, huku ikisisitiza kuwa licha ya ukubwa wake ni mpole kama mtoto. Taylor alikuwa akiinama kutoka mgongoni mwa farasi anayepiga shoti na kuokota leso chini. Mwaka 1887 akawa shujaa wa riwaya ya bei rahisi, na riwaya za namna hiyo zikazaana.

Kwa hiyo mikono ilikuwa ya kweli na hadithi ilikuwa ya kutungwa. Malishoni kauboi alikuwa kibarua anayehangaika na ng'ombe. Uwanjani ng'ombe wamekuwa wachache na kauboi amekuwa askari, mkombozi, mtu wa bunduki. Wengi wa wachunga ng'ombe halisi wangeshangaa kusikia kwamba hiyo ndiyo kazi yao.

Mtazamaji aliona nini tangu mwanzo hadi mwisho?

Onyesho lilianza kwa muziki. Bendi ya makauboi ya William Sweeney ilipiga wimbo ambao baadaye, mwaka 1931, ulifanywa rasmi kuwa wimbo wa taifa wa Marekani. Kisha yakaja maandamano ya kuingia: kundi baada ya kundi, wenyeji wa Marekani wa kabila la Walakota na rangi zao za vita, wachunga ng'ombe wa Meksiko, makauboi, na mwisho Cody peke yake juu ya farasi, akivua kofia.

Annie Oakley, mlenga shabaha wa kike, aliwekwa mapema kwenye ratiba kwa sababu ya vitendo kabisa. Milio ya bunduki yake ilianza taratibu na kuongezeka, na watazamaji, hasa wanawake na watoto, wakazoea kelele kabla mapigano hayajaanza. Zikafuata mbio za farasi, na onyesho la mpanda farasi wa Pony Express, huduma ya barua iliyodumu mwaka mmoja na nusu tu, 1860 hadi 1861. Cody alidai aliifanya kazi hiyo akiwa mvulana. Wanahistoria wengi hawamwamini.

Kipande kilichopendwa sana ni cha gari la Deadwood. Hili lilikuwa gari halisi la abiria, la kukokotwa na farasi, lililowahi kufanya safari za njia ya Deadwood huko Dakota. Linazunguka uwanja, wapiganaji wanalivamia, baruti inatanda, halafu Cody na makauboi wanatokea shoti na kuwafukuza. Abiria waliokuwa ndani mara nyingi walikuwa wageni waliochaguliwa miongoni mwa watazamaji. London mwaka 1887 walipanda wafalme, na Mwanamfalme wa Wales, mrithi wa kiti cha Uingereza, akakaa mbele pamoja na mwendeshaji.

Sehemu ya makauboi wenyewe ilifuata mtindo wa mchezo zaidi kuliko hadithi: kutupa kamba, kuokota vitu chini, kupanda farasi wakorofi. Mwisho kabisa lilikuja shambulio la nyumba ya walowezi. Familia imezingirwa, mambo yamewafika shingoni, na makauboi wanafika kuwaokoa.

Ukiitazama ratiba yote kwa pamoja unaona jambo la ajabu. Wenye ardhi ndio wavamizi, na waliokuja juzi ndio wanaojilinda. Jambo hilo lilirudiwa mara mbili kwa siku, miaka thelathini, mbele ya mamilioni ya watu.

Farasi walikuwa wakorofi kweli, au walifundishwa kurusha watu?

Wakorofi kweli. Kampuni zilitafuta wale walioshindikana kwenye ranchi. Wakati huo hapakuwa na vizimba vya kutokea kama vya rodeo, yaani mashindano ya makauboi, za leo. Farasi alishikwa kwa kamba katikati ya uwanja, akafungwa kitambaa machoni, akatandikwa, kauboi akapanda, kitambaa kikatolewa. Kilichofuata kilikuwa kati yao wawili na Mungu.

Risasi je?

Katika mapigano ilikuwa baruti tupu. Katika shabaha Cody alitumia bunduki ya Winchester yenye marisau, yaani chembe ndogo za risasi, kuvunja mipira ya kioo iliyorushwa hewani huku yeye na mrushaji wakiwa juu ya farasi wanaokimbia. Wapo waliomwita tapeli kwa sababu hiyo. Lakini risasi nzima ikikosa mpira ndani ya mji hutua mahali fulani, na kampuni haikutaka kujua ni wapi. Hata kwa marisau, kulenga kutoka mgongoni mwa farasi si kazi ya mchezo.

Wanawake walishiriki?

Ndiyo, na mmoja wao alikuwa nyota wa pili baada ya Cody mwenyewe. Annie Oakley, aliyezaliwa Ohio mwaka 1860, alijifunza kulenga kwa kuwinda ili familia yake maskini ipate chakula. Alijiunga mwaka 1885. Hakuwa mtu wa magharibi hata kidogo, na hakuna aliyejali. Lillian Smith, mlenga shabaha mwingine, alikuja akiwa binti mdogo, na uhasama wao wawili ulijulikana. Baadaye Lucille Mulhall wa Oklahoma aliwatia aibu wanaume wengi kwa kamba, akiwakamata na kuwafunga ng'ombe kwa kasi iliyowashangaza.

Palikuwa na makauboi weusi?

Walikuwapo tele malishoni. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni mmoja kati ya wanne kwenye njia za kuswaga ng'ombe. Baadhi walikuwa watumwa walioachiwa huru, wengine watoto wao. Kwenye mabango ya maonyesho wakapungua ghafla, kwa sababu shujaa wa hadithi alitakiwa awe mweupe.

Aliyeshindikana kufichwa ni Bill Pickett. Alizaliwa Texas mwaka 1870, na akabuni namna yake ya kumwangusha fahali: anamfuata kwa farasi, anamrukia pembeni, anamkamata pembe, anaipinda shingo, kisha anamng'ata mdomo wa juu kwa meno na kujiangusha nyuma hadi mnyama analala. Inasemekana aliiga mbwa wa kuchungia waliowatuliza ng'ombe kwa kuwang'ata mdomo. Ndugu wa Miller, wenye ranchi ya 101 huko Oklahoma, walimfanya nguzo ya maonyesho yao.

Desemba 1908 walimpeleka Jiji la Mexico na kuweka dau kwamba ataweza kumng'ang'ania fahali wa mapigano kwa dakika tano. Wenyeji waliona ni tusi kwa mchezo wao. Farasi wake alichomwa pembe, watazamaji wakamrushia chupa, na Pickett akavunjika mbavu, lakini alining'inia kwenye zile pembe kupita muda wa dau. Nyumbani Marekani mashindano mengi yalimfungia mlango, na nyakati nyingine alitangazwa kama Mhindi Mwekundu au kuvishwa mavazi ya wapiganaji wa mafahali wa Kihispania ili apite. Alikufa mwaka 1932 baada ya kupigwa teke la kichwa na farasi. Mchezo wake, bila kung'ata, bado ni sehemu ya kila rodeo kubwa.

Kwa nini wenyeji wa Marekani walikubali kuigiza kushindwa kwao wenyewe?

Swali hili huulizwa kwa hasira, na hasira hiyo inaeleweka. Lakini angalia walichokuwa wamebakiziwa. Mwaka 1885 Walakota walikuwa wamefungiwa kwenye maeneo ya hifadhi, yaani ardhi waliyotengewa na serikali, baisani wamekwisha, chakula ni cha mgao, ngoma zao za kidini zimepigwa marufuku, watoto wanapelekwa shule za bweni kukatwa nywele na kusahaulishwa lugha. Maonyesho yaliwalipa wanaume wengi dola 25 kwa mwezi pamoja na chakula na nauli, yakawaruhusu kupanda farasi, kuvaa mavazi yao na kucheza ngoma zao hadharani. Ndiyo maana maofisa wa serikali waliyachukia. Walitaka watu hao walime na kusahau, na mwaka 1890 walijaribu kuzuia ajira hiyo.

Sitting Bull, kiongozi wa Walakota, alisafiri na Cody miezi minne ya mwaka 1885. Mkataba wake ulikuwa dola 50 kwa wiki pamoja na haki ya kuuza picha na saini yake, na hiyo haki aliidai mwenyewe. Hakuwa mjinga wa biashara. Aliporudi nyumbani hakwenda tena. Aliuawa na polisi wa hifadhi tarehe 15 Desemba 1890, wakijaribu kumkamata. Wiki mbili baadaye yakatokea mauaji ya Wounded Knee, ambapo jeshi la Marekani liliwaua Walakota wengi. Wafuasi wa Ngoma ya Mizimu, vuguvugu la kidini la wenyeji wa Marekani, waliofungwa Fort Sheridan, wakiwemo Kicking Bear na Short Bull, waliachiwa mwaka 1891 kwa sharti la kwenda na Cody Ulaya. Yaani mfungwa wa vita akapelekwa kuigiza vita.

Wengine hawakurudi. Long Wolf, Mlakota mwenye umri mkubwa, alifariki London mwaka 1892 na kuzikwa makaburi ya Brompton. Mabaki yake yalirudishwa kwenye hifadhi ya Pine Ridge, Marekani, mwaka 1997.

Ulaya waliyapokeaje?

Kwa wazimu. Machi 1887 meli ya State of Nebraska iliondoka New York ikiwa na watu zaidi ya 200, wakiwemo wenyeji wa Marekani 97, farasi wapatao 180 na baisani 18. Malkia Victoria, aliyekuwa akiadhimisha miaka 50 ya utawala na ambaye alikuwa haendi kwenye burudani tangu mumewe afariki, alikuja kuwatazama Mei 11. Mwaka 1889 walikuwa Paris wakati Mnara wa Eiffel ukiwa mpya, na mchoraji Rosa Bonheur akashinda kambini mwao akichora. Mwaka 1890 wakashuka Italia, wakashindana na wachunga ng'ombe wa huko, wakaonyesha hata ndani ya uwanja wa kale wa Verona.

Waliporudi Chicago mwaka 1893, Maonyesho ya Dunia yaliwanyima nafasi. Wakakodi kiwanja jirani, nje tu ya geti, na kuvuna fedha msimu mzima. Mwaka huo ndipo walipotumia jina la Kongamano la Wapanda Farasi Hodari wa Dunia: askari wa farasi wa Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza, Waarabu, Wameksiko na Wakosaki. Hao Wakosaki kwa kweli walikuwa Wageorgia kutoka Guria, lakini jina la Wakosaki liliuza zaidi.

Msafara wa namna hiyo ulihamaje kila siku?

Kwa treni. Kuanzia mwaka 1895 James Bailey, bingwa wa usafirishaji wa sarakasi, ndiye aliyesimamia safari, akitumia mabehewa zaidi ya 50. Msimu wa 1899 pekee walifanya maonyesho 341 katika miji 132, wakisafiri zaidi ya maili 11,000. Wanapika, wanalisha, wanaonyesha mchana na usiku kwa taa za umeme wa jenereta zao, wanafungasha, wanalala njiani. Annie Oakley alikumbuka kuwaona maofisa wa jeshi la Ujerumani wakiandika kila hatua ya upakiaji.

Hatari ilikuwapo. Oktoba 1901, karibu na Lexington, North Carolina, treni yao iligongana na nyingine; farasi kama mia moja walikufa na Oakley akaumia.

Tofauti na rodeo ni ipi?

Wild West ni mshahara, rodeo ni shindano: unalipa kiingilio na kugombea zawadi. Lakini rodeo kama ya Cheyenne, iliyoanza mwaka 1897, na Calgary, iliyoanza mwaka 1912, zilitumia watu wale wale.

Kwa nini yalikufa?

Filamu iliyaua. Mvumbuzi Thomas Edison aliwapiga picha za filamu Cody na Oakley tayari mwaka 1894, na kufikia miaka ya 1910 mtu aliweza kumwona kauboi kwa senti chache bila kusubiri treni. Cody hakujua kutunza fedha. Aliungana na Pawnee Bill, mwenye maonyesho mengine ya aina hiyo, akakopa, na mwaka 1913 mali ya maonyesho ikanadiwa Denver kwa deni. Alifariki Januari 1917. Maonyesho ya ranchi ya 101 nayo yalikuwa London vita ilipoanza Agosti 1914, na serikali ya Uingereza ikachukua farasi wao wengi kwa ajili ya jeshi. Farasi wa maonyesho ya vita wakaenda vitani kikweli.

Kuna chochote kinachoyaunganisha na Afrika?

Kipo, tena cha kuchekesha. Mwaka 1910 Mmarekani Charles Jones, aliyejulikana kama Buffalo Jones, alifika Nairobi na makauboi wawili, Loveless na Means, pamoja na farasi na mbwa kutoka Marekani. Nia yake ilikuwa kuwakamata wanyama wa Afrika kwa kamba za vitanzi, na wakafanya hivyo kweli: walinasa kifaru, twiga na simba jike, huku mpiga picha Cherry Kearton akipiga filamu. Simba huyo akaishia bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Wakazi wa nyanda hizo waliowaona watu wakimfukuza kifaru kwa kamba lazima walikuwa na la kusema, na bahati mbaya hakuna aliyewauliza.

La pili ni la Kongo. Miaka ya 1950 vijana wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, walikuwa na magenge yaliyojiita Bills, kwa jina la Buffalo Bill waliyemjua kwenye sinema. Walivaa kama makauboi, wakagawana mitaa, na wakawa na lugha yao ya Kilingala kilichochanganywa, Hindubill.

Leo naweza kuyaona wapi?

Disneyland ya Paris ilikuwa na onyesho la chakula cha jioni lenye jina la Buffalo Bill tangu 1992 hadi 2020. Kwa vitu halisi, nenda mji wa Cody, Wyoming, kwenye makumbusho ya Buffalo Bill Center of the West. Kaburi lake liko Lookout Mountain, karibu na Denver, na lina jumba dogo la makumbusho kando yake.